Nafsi ya Pili

Wanajeshi wawili waliingia uani kwetu, mtaani Buyenzi, bunduki zikiwa mabegani, na katikati yao alikuwa mjukuu wangu Kudra, mtoto wa miaka mitano, akitembea kwa ncha za vidole kama ilivyokuwa desturi yake. Nilimtazama kwanza kama alikuwa na damu. Hakuwa nayo. Kisha nikavitazama viatu vyao, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kupiga deki barazani.

"Amahoro, mama muzee," alinisalimu yule mkubwa, ambaye mwenzake alimwita Méthode. "Tumekuja kwa chai."

"Chai gani?"

"Chai yenye mutoto alituambia. Amefika pale kwa bariyeri, anatuuliza: unataka chai? Tukasema ndiyo. Anauliza tena: unataka chai? Tukasema ndiyo, ndiyo! Anatuangalia tu. Basi tukafikiri, labda chai iko nyumbani."

"Ni 'mtoto', si 'mutoto'," nilimwambia. "Na ni 'chai aliyotuambia'."

"Ndiyo, mama."

"Vueni viatu."

Walitazamana. Kisha wakavua.

Sukari ilikuwa adimu tangu nchi jirani zilipofunga mipaka yao, na ile tuliyokuwa nayo tuliiweka kwa ajili ya Idi. Niliitoa. Kudra alikunywa kwanza, katika kikombe chake chekundu, nao wageni wakasubiri. Hivyo ndivyo ilivyostahili, kwa sababu chai ile ilikuwa yake tangu mwanzo. Hakuwa amemwalika mtu yeyote. Kila asubuhi mama yake alimwuliza, "Unataka chai?" na chai ikaja, basi mtoto akayachukua maneno hayo kuwa ndiyo njia ya kuipata. Akihisi kiu aliyasema, popote alipokuwa, hata mbele ya bunduki.

Mambo yake mengine yalikwenda kwa utaratibu huohuo. Alipochoshwa na wageni, alisimama mlangoni na kutangaza kwa sauti ya mtangazaji wa redio anayetoa amri ya kutotoka nje: "Wananchi wote wanaombwa kurejea majumbani mwao." Wageni waliruka kutafuta ndara zao. Wifi yangu aliwahi kuondoka na kiatu chake kimoja na changu kimoja. Hata hivyo, katika mji ambamo watu husema "kitabu yangu" bila kuona haya, hiyo ndiyo sentensi pekee iliyosemwa uani kwetu ambayo sikuwahi kuisahihisha.

Siku hizi nasikia madaktari wanayo majina ya hali hiyo. Sisi hatukuwa nalo hata moja. Wako waliosema kwamba ni kiziwi, ilhali alisikia karatasi ya peremende ikifunguliwa chumba cha pili. Milio ya risasi kutoka upande wa Gihosha haikumwamsha. Lakini jirani yetu Consolée alipotwanga sombe, yale majani ya muhogo, Kudra aliingia chini ya kitanda na kuziba masikio.

Wanajeshi walipoondoka, mwanangu Twahiru alirudi kutoka gereji akakuta habari ya mtoto kufika kwenye kizuizi cha wanajeshi imekwisha kuenea mtaa mzima.

"Bariyeri, Mama!" alisema. "Leo wamekunywa chai. Kesho je?"

Mkewe, Assia, alikuwa tayari anakunja nguo za mtoto. Yeye aliuza vitenge sokoni, mume alikuwa gereji, nami kwa magoti yangu haya sikuweza kumkimbiza mtoto aliyependa kwenda kugusa magurudumu ya malori.

"Nitamupeleka kwa mama yangu, Rumonge," alisema bila kuinua uso. "Kule kuna dada zangu wengi wa kumuchunga."

Barabara ya Rumonge, mwaka ule wa vita, magari yaliipita kwa misafara, na si yote yaliyofika. Sikumsahihisha hata neno.

"Kwanza shule," nilisema.

"Mama, shule mbili zimemurudisha."

"Imebaki moja."

Iliyobaki ilikuwa ya Mwalimu Sikuzani, aliyewafundisha wadogo kando ya msikiti. Alikuwa na sharti moja tu: mtoto aweze kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa mdomo wake mwenyewe. "Mukeka wangu ni mumoja," alizoea kusema.

Nikaanza mafunzo.

"Kudra, sema: Nataka kwenda chooni."

"Kudra sema nataka kwenda chooni."

"Ondoa 'Kudra sema'."

"Ondoa Kudra sema."

Mimi nilifundishwa sarufi na mwalimu aliyetuchapa kwa kila kiambishi kilichopotea, nami nikaifundisha kwa watoto wa mitaa mitatu. Lakini sikuwahi kukutana na shida kama ile. Nilijigusa kifua nikasema, "Mimi." Kudra alisogea, akakigusa kifua changu, akasema, "Mimi." Ningemkosoa vipi? Kila aliyemsikia akisema "mimi" tangu azaliwe alikuwa mtu mwingine.

Assia, aliyekuwa akipuliza makaa, alicheka hadi akakohoa. "Leo Mama amepata mwenye anamuweza!" Kisha akajifuta macho kwa ukingo wa kanga, na hakucheka tena. Mfuko wa nguo ulikuwa umesimama mlangoni.

Siku ya usaili Mwalimu Sikuzani aliketi juu ya benchi, na watoto wakajazana juu ya mkeka wakitazama.

"Jina lako nani?"

"Jina lako nani," alijibu Kudra.

"Apana, apana. Mimi ni Mwalimu Sikuzani."

"Apana, apana. Mimi ni Mwalimu Sikuzani," alisema Kudra kwa sauti ileile, pamoja na kikohozi cha mwalimu mwenyewe. Watoto waliangua kicheko. Mwalimu alianza kutikisa kichwa, na Assia akanishika mkono.

Mara Kudra alikunja miguu, akaruka kidogo, akamkaribia mwalimu na kumvuta vidole.

"Unataka kwenda chooni?"

"Mimi?" Mwalimu aliruka. "Nimetoka huko sasa hivi!"

"Unataka kwenda chooni?"

"Bibi, hii ni adabu gani?"

"Twende, Mama," Assia alininong'oneza. "Twende tu."

Niliutazama mkeka, nikaufikiria mfuko wa nguo mlangoni.

"Mwalimu, mtoto anaomba ruhusa."

"Anaomba ao ananiuliza?"

"Anaomba. Kwake yeye, nafsi ya pili ndiyo nafsi ya kwanza."

Sikuzani alinikodolea macho. "Ni wewe unasema hivyo? Wewe ulinirudishia kadi ya harusi ya binti yangu na wino mwekundu?"

"Ni mimi. Na kadi ile ilistahili. Mjibu mtoto 'ndiyo, nataka', kabla mkeka wako haujaharibika."

Aliutazama mkeka. Aliitazama miguu ya Kudra.

"Ndiyo!" alipiga kelele. "Nataka! Nataka sana!"

Kudra aliuachia mkono wake, akatoka mbio moja kwa moja hadi chooni. Aliporudi alinawa mikono, akanawa tena, akaketi mwisho wa mkeka na kuanza kuzipanga ndara za wenzake, kubwa hadi ndogo. Hakuna aliyecheka.

"Nilisema aombe kwa mudomo," alisema Sikuzani polepole.

"Ameomba."

"Ameomba." Alishusha pumzi. "Alete kikombe chake kesho. Na wewe, Bibi, utakuja siku za kwanza kunitafsiria."

Jioni ile Assia aliufungua mfuko na kuzirudisha nguo sandukuni, moja moja.

Ilipita miezi, ndipo Sikuzani alipokuja barazani kwetu, ameshika kiuno.

"Bibi, mujukuu wako ameniharibia darasa. Sasa wote wakitaka choo wananifuata: Mwalimu, unataka kwenda chooni? Nisipojibu 'ndiyo, nataka', hawaendi! Jana imamu alikuja kutukagua, na mutoto wa Massoudi akasimama mbele yake akamuuliza yeye."

"Na imamu alijibu nini?"

"Alisema asante, akaenda."