Nanga ya Nguma

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, Kafedha, mjane wa Likoni, aliishi kwa kuvua pweza. Kila maji yakitoka alikwenda kwa miguu hadi ukingo wa mwamba na fimbo yake, akachungulia mashimo aliyoonyeshwa na mamake.

Nguma, nduguye marehemu mumewe, alikuwa na mashua ya injini ya kuwapeleka wageni kutazama samaki. Eda ilipokwisha alitaka kumrithi Kafedha, Kafedha akakataa. Tangu hapo Nguma akawa anatia nanga papo hapo mwambani, na akiondoka huikokota makusudi, matumbawe yakivunjika kama vigae.

Kafedha alimwendea nyumbani.

"Shemeji, nyuma ya mwamba pana mchanga mtupu, si mbali. Tia nanga huko. Mwamba ukivunjika, mimi nawe hatutauona ukiota tena."

"Bahari umeachiwa urithi wewe?"

"Wallahi sina ugomvi nawe. Basi niachie walau shimo la chini ya jiwe jekundu. Mna pweza jike, ameatamia mayai."

"La jiwe jekundu," Nguma akasema polepole. "Haya. Nimesikia."

Kesho yake Kafedha alikuwa kwenye maji ya kifua mashua ilipofika. Nguma alimtazama usoni, akaitupa nanga juu ya jiwe jekundu. Jiwe likapasuka. Wageni wakadhani ni mchezo, wakapiga makofi.

Alipoivuta, nanga ilikuwa imekwama.

"Zamia uing'oe," akamwambia Kafedha, "maadamu mwamba ni wako."

Alizamia, si kwa kumtii, bali kwa ajili ya yale mayai. Alipotia mkono chini ya chuma, Nguma akawasha injini. Kamba ikakaza.

Kafedha aliibuka vidole viwili vikining'inia. Mgeni mmoja akapiga yowe.

"Hawa hawasikii," Nguma akawaambia wageni, akageuza mashua.

Hospitalini vidole vilikatwa. Wazee walimwita Nguma. Akaapa kwamba hakumwona, yakaisha. Miezi michache baadaye mwamba ulikuwa kifusi cheupe, wageni wakalalamika hawaoni samaki. Nguma akahamia mwamba mwingine upande wa kusini, na huko nako akatia nanga juu ya matumbawe.

Kafedha alianza kushona makuti mlangoni pake. Siku moja Nguma alipita, akasimama.

"Ungalikubali, shemeji, ungalikuwa na vidole vyako."

Kafedha alikuwa akikaza fundo kwa meno.