Wimbo wa Kuingilia Ukumbini

Saa tatu nzima kamati ya harusi pale Bweri ilibishana maharusi waingie ukumbini na wimbo gani kati ya mbili za mwanamuziki Kelvo Chui. Matrida, bibi harusi, alikuwa amechoka mpaka basi. Katika wa kwanza Kelvo anamposa mpenzi wake. Katika wa pili anamfukuza na virago vyake!

"Maneno nani anasikilizaga?" alifoka mwenyekiti. "Watu wanachezaga mdundo! Wanaotaka wa pili, mikono juu."

Mikono ikapanda. Matrida akageuka: hata Ryoba, bwana harusi mwenyewe, kanyoosha wake, mabega tayari yanacheza.

Matrida akachukua mkoba. "Haya, upigeni huo wa pili sasa hivi," alisema, "niondoke nao."