Shikamoo Chini ya Maji

Jumamosi saa tatu asubuhi, mwalimu Bonaventura alipanga mitungi sita ya hewa juu ya turubai la kuanikia alizeti, ukingoni mwa shimo la kokoto la Ihanja. Shimo lilichimbwa na mkandarasi wa barabara. Lami ilipokwisha akafungasha mitambo, akaliacha wazi, mvua ikalijaza. Uzio uliahidiwa katika vikao vinne. Sasa lilikuwa chuo cha kuzamia.

Wanafunzi walikuwa wanaoanza kabisa, wengine maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya pipa. "Kanuni ni moja," alisema Bonaventura, aliyesomea kazi hiyo Tanga wiki mbili akarudi anatembea kama kamishna. "Mpira wa kupumulia hautoki mdomoni. Hata uone nini."

Felista alisimama pembeni, kanga kaikaza kiunoni. Alikuja kumzuia binti yake Rebeka, akashindwa, akabaki kuangalia. Rebeka alimaliza kidato cha nne, kazi katafuta miaka miwili, na Bonaventura aliahidi cheti.

Kilichomtia Felista hofu si maji. Ni Mzee Abraham. Mzee alitumbukia mwaka juzi akimfuata ndama, na tangu hapo anakaa kule chini juu ya jiwe, koti kalifunga vifungo vyote. Hana ubaya na mtu. Anasubiri tu kuamkiwa.

Na mtoto aliyelelewa Ihanja ampite mzee bila shikamoo? Felista mwenyewe alimfinya Rebeka masikio tangu ana miaka mitatu, mpaka neno likawa linatoka lenyewe.

"Mwanangu, ukimkuta Mzee Abraham, pita."

"Nipite bila kumwamkia? Mama, ni wewe unayesema hivyo?"

"Inamisha kichwa, inatosha."

"Fabiano wa kundi la kwanza aliinamisha wiki iliyopita. Mzee akamuuliza, wewe shingo imevunjika?"

Wenzake wakacheka. Bonaventura akasema alishatunga ishara ya shikamoo, mkono kichwani mara mbili, ila Mzee kaikataa. Kasema yeye si kiziwi.

Wakazama. Felista akayafuata mapovu ya Rebeka kwa macho. Yalipofika katikati ya shimo yakatoka mengi kwa mkupuo, halafu sauti nzito ikapanda kutoka chini: "Marahaba, binti. Hamjambo nyumbani?"

Salamu za huku haziishii kwenye marahaba. Mzee akauliza ng'ombe. Akauliza alizeti. Akauliza kama goti la bibi limepoa. Rebeka akajibu yote, moja moja, kama alivyolelewa.

"Mwalimu, mkatize!"

"Mama Rebeka, mzee anakatizwaje?"

Walipofika kwenye habari za mvua, mapovu yakaisha.

Wenzake walipanda. Rebeka alibaki, Mzee akamsogezea nafasi kwenye jiwe. Siku maji yakitulia anaonekana, magoti kayabana, nywele zimesimama. Felista humteremshia ugali kwa kamba, na bakuli hurudi limeoshwa. Cheti kilitolewa vilevile. Kiliandikwa amefaulu kila somo isipokuwa kupanda.

Felista akaanza kupita nyumba kwa nyumba, anawaambia watoto wa wenzake: "Mkizama mkamkuta mzee, mpiteni kama kisiki." Wazazi wakamshtaki. Kikao kikaitishwa siku hiyohiyo, wakati cha uzio kilikuwa hakijapata akidi mwaka mzima.

"Mama Rebeka, pole yetu tulikupa," alisema mwenyekiti, bwana Paulo. "Lakini kufundisha watoto wasiamkie wazee! Unataka kijiji hiki kiwe pori?"

"Nataka uzio, mwenyekiti."

"Uzio upo kwenye mpango. Adabu haisubiri mpango."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye binti chuoni alipiga zaidi ya wote. Felista akaambiwa aombe radhi, akaomba, akiwa amesimama.

Jumamosi iliyofuata wakajiandikisha kumi na mmoja, mitungi ikaongezwa. Felista alikuwa ukingoni na bakuli lake. Walipompita, mmoja mmoja, kila mtu alichomoa kwanza mpira mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Felista, mara kumi na moja. Angefanyaje? Kisha wakarudisha mipira, wakashuka.