Springi Zilizoongezeka

"Wafanyakazi wote wanatangaziwa kwamba, kuanzia leo, ni marufuku kuweka glasi ya chai juu ya kompyuta, iwe imejaa au tupu."

Bwana Varshney, mwenye kiwanda cha kufuli, alilisoma tangazo hilo mbele ya mafundi walioketi bila kazi, kisha, kwa sauti ileile, akamtaka Girdhari Lal, mtunza stoo, aeleze alikozipeleka springi.

Springi hazikuwapo. Kompyuta ilisema zipo, tena tele, na kwa kuzitegemea ilikuwa imepokea agizo la kufuli za hospitali moja ya mji wa Meerut. Sasa kufuli hizo zilijipanga mezani, midomo wazi, na hakuna hata moja iliyofungika.

"Nilimwambia binti wa kompyuta," alisema Girdhari.

"Na binti kaandika. Mashine haina shemeji sokoni wa kumuuzia springi, mzee. Wewe unaye."

"Shemeji yangu anauza vitunguu, bwana."

"Basi atakuletea vitunguu rumande. Nikimaliza chai, naita polisi."

Ufunguo wa stoo Girdhari alikuwa ameufunga kwenye uzi mtakatifu wa Kihindu aliouvaa kifuani, kama alivyoufunga baba yake, aliyeishika stoo hiyo kabla yake. Akaanza kuufungua. Fundo halikukubali.

Katika chumba cha pili, Jincy, karani wa kompyuta, aliyasikia yote. Alitoka Kerala, mbali kusini mwa India, na Kihindi alijifunza vitabuni, njia iliyo salama ya kujua kila neno na kutojua watu wanasema nini. Aliikumbuka vizuri siku aliyoambiwa habari za springi: mzee alisimama mlangoni, akatamka kwamba springi zimeongezeka, na alipoulizwa kwa kiasi gani, akajibu, "Zote." Jincy akaziandika mara mbili ya zilizokuwapo, akaona ametenda haki. Sasa angeitwa kutoa ushahidi, na ushahidi wake, kwa kuwa ulikuwa wa kweli, ungemfunga mtu aliyemletea maembe ya kuchovya chumvi tangu wiki yake ya kwanza.

Ilyas, mpika chai, akaiweka glasi ya Jincy sakafuni, kwa utii.

"Haina sukari," alisema Jincy alipoionja.

"Sukari imeongezeka, dada."

"Basi nitilie."

"Nakwambia imeongezeka!"

"Nimesikia. Kama imeongezeka, ubahili wa nini?"

Ilyas akaupindua mkebe wa sukari juu ya meza. Hakikudondoka kitu ila sisimizi mmoja, naye hakuonekana kushiba.

"Kwani huko kwenu, kitu kikiisha, mnasemaje?"

"Tunasema kimeisha."

"Hivyo hivyo? Na chenyewe kinasikia? Dada, unga, mafuta ya taa, hata bangili ikivunjika, sisi twasema imeongezeka. Ukisema imeisha, hairudi tena."

Jincy alisimama ghafla hata glasi ikapinduka. Akaufungua mlango bila kubisha.

"Bwana! Aliniambia zimeisha! Kwa Kihindi chenu cha woga, mzee aliniambia zimeisha, nami nikaandika zimezidi!"

Bwana Varshney alikuwa ameshaishika simu. Mama yake, kila jioni alipofunga duka, hakusema analifunga, alisema analiongeza. Akairudisha simu mezani polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, akamwamuru Jincy aagize springi.

Girdhari akaliacha fundo lilivyokuwa. Akashusha pumzi ndefu, na mafundi nao wakashusha zao, walizokuwa wamezizuia kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Binti yangu, ulidhani springi zinazaana?"

"Nilidhani umepokea mzigo, mzee. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila usirudie, msamaha nao huongezeka."

Jincy akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akaketi kufuta springi ambazo hazikuwahi kuwapo.

Kabla ya chakula cha mchana, tangazo lilibandikwa mlangoni mwa stoo: neno "kuongezeka" lisitumike tena kiwandani kwa maana yoyote.

Alasiri fundi mmoja akaja kuomba pini. Girdhari akaitazama ndoo tupu, akalitazama tangazo, kisha akamtazama Jincy, aliyekuwa tayari na vidole juu ya kompyuta.

"Pini," alisema kwa heshima, "zimepumzika."

Jioni likabandikwa tangazo jingine, lenye mhuri: uongozi umeamua kwamba, kuanzia kesho, hakuna kifaa chochote cha kiwanda kitakachoruhusiwa kupumzika.