Jiko Lililotengenezwa kwa Mlango

Concilie aligonga jiko la kwanza kwa kifundo cha kidole, likalia kama kopo tupu. La pili likalia vilevile. La tatu lilipendeza kwa macho, limepakwa rangi nyeusi ya kung'aa, lakini alipopitisha mkono chini ya sehemu ya makaa alihisi bati likibonyea. Akainuka, akajifuta vidole kwenye kitenge.

"Hili litatoboka kabla ya Krismasi."

"Mama, hayo watu wa Midrand wanayachukua mawili mawili," alisema Pitchou, fundi wa kuchomelea kutoka Lubumbashi.

"Watu wa Midrand wanachoma nyama Jumamosi. Mimi nitachoma ya kuuza, kila siku."

Karakana ya Pitchou ilikuwa Jeppestown, kati ya muuza matairi na kanisa lililokodi ghala. Ilikuwa Juni 2010, Kombe la Dunia likichezwa mjini. Magari yalipita na bendera kwenye vioo, na vuvuzela zilianza kulia asubuhi kabla hata timu hazijaamka. Égide, shemeji yake Concilie, alisimama mlangoni akiwa bado na sare yake ya mlinzi. Alikuwa amekuja kusaidia kubeba, si kuchagua.

Concilie alijua anachotafuta. Chini pawe pa chuma kinene, kwa sababu makaa hula chini kwanza. Palipochomelewa pasiwe na matundu. Nondo za wavu ziwe za kuchomoka, ili moja ikipinda ibadilishwe hiyo moja. Miguu iwe mipana, kifuniko kiwe kizito. Majiko mawili aliyokuwa nayo kabla ya hapo yalikuwa rahisi, na yote mawili yalimwaga makaa barabarani. Haya alifundishwa na mumewe, Vénérand, aliyekuwa akisema kwamba bati hulia na chuma hunung'unika.

Pembeni, chini ya turubai, kulikuwa na jiko ambalo Pitchou hakuwa amemwonyesha. Concilie alilifunua. Halikuwa limepakwa rangi vizuri. Akaligonga mara mbili.

Jiko likagonga mara moja, likatulia, kisha likagonga mara tatu.

Concilie alibaki na kidole hewani.

"Hilo linagonga," alisema Pitchou. "Ndiyo maana nimelishusha bei. Wateja hawalipendi. Lakini angalia chuma, mama. Hilo utawaachia wajukuu."

"Chuma umekitoa wapi?"

"Mlango wa spaza, duka dogo la mtaani. Waokota vyuma waliuleta kwenye toroli, mweusi wote, umeungua. Kuukata kulinimalizia diski zote."

Concilie aliinama. Tundu la kitasa lilikuwa limeachwa liwe la kupitishia hewa. Ndani ya ukingo wake, ambapo moto haukufika, palisalia rangi ya buluu. Aliingiza kidole, akakiacha humo kwa muda, kisha akakitoa.

"Nalichukua hili."

"Shemeji, linagonga," alisema Égide.

"Nimesikia."

"Sharp," alisema Pitchou, na akaenda kutafuta kamba.

Mlango huo wa buluu aliuagiza Vénérand mwenyewe, walipofungua duka lao karibu na hosteli ya vibarua. Alichagua chuma kinene kuliko vyote, kisha akaongeza jambo ambalo wenye maduka wengi wa kwao walilifanya. Tsotsi, jambazi wa mtaani, hawezi kuvunja mlango kama ule. Atamlazimisha aliye ndani afungue. Lakini akiona kufuli nje, anajua hakuna wa kumfungulia, anapita. Kwa hiyo kila jioni Vénérand alilala ndani na bidhaa, Concilie akamfungia kwa nje na kuondoka na ufunguo. Asubuhi aligonga mara mbili. Vénérand akajibu mara moja, akatulia, kisha mara tatu, ndipo Concilie akafungua.

Mwezi wa Mei 2008, watu walipoanza kupita mitaani wakiwatafuta wageni, ilikuwa mchana. Vénérand alimwambia amfungie, aende kwa dada yake Midrand. Wakiona kufuli watapita. Concilie alifunga. Hawakupita.

Polisi waliandika kwamba duka lilifungwa kwa nje na mke wa marehemu, na kwamba hakuna mtu mwingine aliyejua kuwa ndani kuna mtu. Majirani wote walisema hivyohivyo. Tangu siku hiyo Concilie aliuvaa ufunguo shingoni, na Égide, aliyempoteza kaka yake wa pekee, hakuwahi kumwuliza lolote juu yake. Wote wawili walijua ni kwa nini haulizi.

Jiko lilihitajika kabla ya Jumamosi. Siku hiyo walikuwa wanamaliza matanga, jambo ambalo kwao Burundi huitwa kuganduka. Ndugu hukusanyika, hula nyama, hunywa bia, kisha mkubwa wa ukoo husimama na kutangaza kwamba msiba umekwisha. Kabla ya neno hilo mjane bado yuko matangani, hata kama anatembea na kufanya kazi. Neno hilo lilitakiwa kusemwa mwaka mmoja baada ya maziko. Mwaka ulipita na wa pili ukapita, kwa sababu mwenye kulisema alikuwa Égide, na kila walipopanga siku, Égide alibadilishiwa zamu.

Jumamosi hiyo hakubadilishiwa. Ndugu walikuja kutoka Midrand na kutoka katikati ya jiji, wakajaza ua wa nyumba aliyopanga Concilie. Majirani walikuja pia, walewale waliokuwa jirani na duka, kwa sababu huwezi kuchoma nyama uani na kumfungia jirani geti. Ma Khoza, mwenye nyumba, alikaa kwenye kiti chake mwenyewe alichokibeba kutoka ndani. Salum, kinyozi wa Tanga mwenye kibanda pale kwenye robot, taa za barabarani, alikuja na redio ili asipitwe na mpira.

"Salum, leo si siku ya mpira," Joséline, dada yake Concilie, alimwambia.

"Dada, marehemu mwenyewe angeuliza matokeo."

Watu wakacheka, na Joséline akacheka pia.

Concilie alikuwa jikoni akitunga mishikaki. Alikuwa amepanga kuwasha moto mwenyewe, polepole, kifuniko kikiwa wazi. Lakini wageni walikuwa na njaa, na Égide alitaka kusaidia. Aliweka mkaa, akamwagia mafuta ya taa, akawasha, kisha akafunika ili makaa yashike haraka.

Jiko lilianza kugonga.

Lilianza taratibu, mara mbili mbili. Kisha likagonga kama kiganja, kisha kama ngumi, kisha kama bega. Miguu yake ikatetemeka juu ya saruji. Égide aliushika mkono wa kifuniko, akauacha, akapuliza kiganja.

Ma Khoza alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hapana," alisema. "Siku ile ilikuwa kwa nguvu zaidi."

"Ilianza polepole hivihivi," alisema Salum. "Baadaye ndiyo ikawa kwa nguvu."

"Na ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimeshapika pap, ugali wetu, ikapoa, bado."

Walisema hayo kama watu wanaokumbushana siku ile maji yalipokatika. Concilie alikuwa ametoka jikoni na sinia la mishikaki. Alisimama kwenye kizingiti.

"Mlisikia," alisema.

Salum alipunguza sauti ya redio.

"Eish, mama. Mtaa mzima ulisikia."

"Na hamkufungua."

"Wewe ndiye ulikuwa na ufunguo," alisema Ma Khoza. Hakulisema kwa ubaya.

Concilie aliliweka sinia chini. Alikwenda kwenye jiko, akazungushia kitenge mkononi, akafunua kifuniko. Ndani kulikuwa na makaa tu, na moshi uliopanda wima na kwenda zake. Jiko likanyamaza.

Égide alikuwa akiutazama ufunguo shingoni mwake. Aliutazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu maziko alimtazama pia usoni. Kisha akachukua sinia na kuanza kupanga mishikaki kwenye wavu, mmoja mmoja, kwa mkono aliokuwa ameuunguza.

Watu walikula. Nyama ilikuwa nzuri na hawakuficha. Ilipofika wakati, Égide alisimama na kikombe cha bia.

"Shemeji," alisema, "nitangaze?"

Concilie aliligonga jiko mara mbili kwa koleo. Likajibu mara moja, likatulia, kisha mara tatu.

"Hatuwezi kumaliza matanga ya mtu anayegonga," alisema.

Égide alifikiri, akaona ni kweli, akakaa. Bia ilinyweka hata hivyo.

Jumatatu walilipakia jiko kwenye bakki, pikapu ya kuazima, na kulipeleka polisi ili faili lirekebishwe. Ofisa aliwasikiliza kwa heshima. Aligonga mara mbili, jiko halikujibu. Concilie alimweleza kwamba ili ligonge kama siku ile ni lazima liwashwe na kufunikwa, akasema hilo moja hatalifanya yeye. Kama serikali inataka kusikia, iwashe yenyewe. Ofisa alijibu kwamba moshi hauruhusiwi ndani ya kituo. Kuhusu majirani, alituma mtu akawaulize. Ma Khoza alisema hakumbuki siku hiyo. Salum alisema ana familia, na mitaani ilikuwa imeshasemwa kwamba fainali ikiisha wageni watafungashiwa mizigo. Si wakati wa kuingia kwenye mafaili. Faili lilibaki kama lilivyoandikwa: lilifungwa kwa nje na mke wa marehemu, hakuna mwingine aliyejua.

Pitchou aliziondoa bawaba za kifuniko bure, na kifuniko kikawekwa chumbani, kimeegemezwa ukutani, mbali na kitanda. Jiko lilipelekwa pale kwenye robot. Wauzaji wenzake walimshauri Concilie alifunge kwa mnyororo kwenye nguzo kila jioni, kwa sababu chuma cha aina ile waokota vyuma hawakiachi. Alikataa. Hakulifunga hata siku moja, na hakuna aliyeliiba.

Ma Khoza ni mteja wake wa karibu kila siku. Hununua mishikaki miwili, yenye mafuta, na husubiri amesimama, kwa sababu jiko lisilo na kifuniko huchelewesha nyama na hula mkaa mwingi.

"Jiko zuri hili," alimwambia jioni moja. "Ungelifunika tu, tusingekuwa tunasubiri hivi."

"Najua, Ma," alisema Concilie, akaigeuza nyama. "Nikuwekee pilipili?"

"Kidogo."

Asubuhi, kabla ya kuweka mkaa, Concilie hugonga mara mbili na kusubiri jibu. Akishajibiwa huwasha. Chini hapajatoboka.