Aproni ya Mifereji Miwili

“Mji huu mzima hakuna fundi wa nguo anayenifikia,” Bibi alisema, akakata uzi kwa meno. “Anayebisha asitazame tu pindo la gauni langu. Limefumuka tangu juzi.”

Mjukuu wake hakucheka. Kesho alikuwa anarudia mtihani wa mdomo katika chuo cha udaktari, na akianguka tena anafungasha virago. Mara ya kwanza aliulizwa juu ya mifereji iliyo kando ya utumbo mpana. Aliijua yote miwili, ila wa kulia akauonyesha kushoto, kwa sababu alijifunzia kwenye picha, na picha inakutazama usoni.

“Sasa picha ni mimi.” Bibi akavaa aproni aliyoshinda akiishona. Soksi ndefu iliyoshindiliwa vitambaa, ndiyo utumbo mpana, ilipanda upande mmoja wa tumbo, ikakatiza juu, ikashuka upande wa pili. Kando yake, huku na huku, aliacha njia na kuifunika kwa chandarua. “Haya, Daktari Kinyume, tumbo ni lako.”

“Kulia kwako, si kwangu,” mjukuu alijinong’oneza. Akadondosha vifungo vya shati kwenye njia ya kulia, mahali pa ini. Vikateremka bila kipingamizi hadi kwenye mfuko ulioshonwa chini, penye nyonga. Akahamia kushoto, karibu na wengu. Vikakwama palepale.

“Huku umeziba?”

“Si umesema mwenyewe utando wa tumbo umejikunja hapo? Mimi nashona ninachoambiwa. Rudia.”

Asubuhi mjukuu akaomba, “Bibi, usinifuate. Nikikuona nitababaika.”

“Nikufuate nina wazimu? Suruali za watu zinaningoja.”

Chumba cha mtihani kilikuwa na kitanda, mgonjwa aliyelala chali, na mwalimu asiyetabasamu.

“Utumbo umetoboka chini ya ini. Maji yake yanaelekea wapi?”

Mkono wa mjukuu ukaenda kulia kwa mgonjwa, ukateremka taratibu. “Yanafuata mfereji huu mpaka karibu na kidole tumbo. Daktari mwenye pupa atadhani ndicho kinachougua, akipasue bure.”

“Yakianzia kushoto, penye wengu?”

“Huko njia ina mkunjo, mwalimu. Mengi hayapiti.”

Mwalimu akafunika kalamu. “Umefaulu. Na safari hii hukupapasa.”

Mjukuu alitoka kifua mbele. Kwenye benchi la ukumbini alikaa Bibi, koti limefungwa hadi shingoni, jua lote lile.

“Bibi, si tulikubaliana?”

“Nani kakufuata? Nimekuja kupima presha.”

“Hapa ni darasani.”

“Basi nimepotea. Umefaulu?”

“Nimefaulu.”

Bibi akainuka kumkumbatia. Mfuko wa nyonga wa aproni nao ulikuwa umefumuka. Kifungo cheupe kikadondoka kutoka chini ya koti, kikafuatwa na wenzake, vikabiringika hadi kwenye viatu vya mwalimu aliyesimama mlangoni.

“Hivi vimetoka wapi?” mwalimu akauliza.

Bibi akatazama dari.

“Kulia kwake, mwalimu,” mjukuu akasema. “Kushoto hakijatoka hata kimoja.”