Mgeni Aliyelala Chini ya Feni

Mwenyekiti alikuwa bado anamsifu mgeni wakati mgeni alipoanza kukoroma.

Haukuwa mkoromo wa kishenzi. Ulikuwa mkoromo wa adabu, uliokwenda sambamba na feni ya dari, hata waliokaa nyuma walidhani ni feni. Lakini katibu aliujua tangu utotoni. Mgeni alikuwa baba yake.

Chama cha wanafunzi wa uhandisi kilikuwa na desturi moja tukufu: kumtambulisha mgeni kwa muda mrefu kuliko atakaozungumza yeye. Desturi hiyo haikuwa imeua mtu, ila wageni walikuwa wameanza kuikimbia. Mkuu wa barabara alimtuma dereva wake. Bingwa wa madaraja alituma salamu. Ndipo mlezi wa chama, mhadhiri asiyecheka bure, akatangaza: safari hii mgeni asipozungumza, chumba cha chama watapewa wacheza drafti. Chumba chenyewe kilikuwa meza, kabati bovu na mota za kuokota. Lakini ndimo katibu alimosomea, maana bwenini kelele hazikuwa na likizo.

Asubuhi mgeni wa leo naye akatoa udhuru. Katibu alikuwa amechoka, amechoka hasa, mpaka hakutaka tena kuandika "tunayo heshima kukualika". Akampigia baba yake, mhandisi wa pampu za maji.

"Baba, njoo useme chochote."

"Mwanangu, nimekesha nikibadilisha beringi. Nitasema nini?"

"Hilo hilo."

Akaja na viatu vyake vya tope.

"Na sasa, bila kupoteza muda," alihitimisha mwenyekiti, ambaye alikuwa ameupoteza wote, "karibu mzee wetu!"

Makofi. Mgeni anakoroma. Mwenyekiti akamgusa bega, kisha akamtikisa.

"Mzee? Mzee wangu?"

"Mwacheni, anatafakari," sauti ikatoka nyuma.

"Anapima kina cha usingizi," nyingine ikadakia.

Mlezi akaanza kufunga mkoba wake.

Katibu hakumfuata baba yake. Nyumbani kwao, ubavuni mwa kituo cha pampu, mzee huyu alilala fofofo kwenye radi, vilio vya watoto na harusi za majirani. Ila pampu ikizima, alikuwa mlangoni na tochi kabla mtu hajauliza kulikoni. Katibu akaenda ukutani, akazima feni.

Mapanga yakapunguza mwendo, yakasita, yakasimama.

Mgeni akasimama wima. "Imezima ipi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Akaitazama feni, akamtazama binti yake, akajifuta kidevu.

"Ni mimi, Baba. Zamu yako kusema."

"Ahaa." Akaishika meza kwa mikono miwili. "Basi tuanzie hapo. Mashine ikizima, msikimbilie spana. Jana mimi nilikimbilia. Nikafungua pampu nzima, na umri huu wote, kumbe beringi iliyokufa ilikuwa ya mota."

Mlezi, mkoba mkononi, akakaa tena.

"Washa basi, mwanangu. Watoto wa watu wanatokwa jasho."

Akawasha. Feni ikashika mwendo wake wa zamani. Mzee akaeleza jinsi beringi inavyolalamika siku nyingi kabla ya kufa, na jinsi mtu aliyechoka anavyojifanya hajasikia. Hakuna aliyecheka sasa. Mlezi alikuwa ametoa kalamu.

Kisha sentensi zikaanza kupoa. Kope za mzee zikashuka, zikapanda, zikashuka tena.

Katibu alibaki amesimama ukutani, kidole juu ya swichi.